Kilichokuwa Ndani ya Kochi

Nimeshona viti Kisumu kwa zaidi ya miaka ishirini. Banda langu liko nyuma ya soko la Kibuye, mahali ambapo vumbi la mbao na vumbi la barabara huwezi kuyatofautisha, na watu huniita fundi tu, hata wale walionizoea. Nilitoka Vihiga nikiwa kijana, nikajifunza kazi, nikajifunza na Kijaluo cha kununulia samaki na kuuzia makochi, na hapo nikabaki. Ninayoyaeleza yalitokea mwaka ule serikali ilipotoa noti mpya na kutangaza kwamba noti ya zamani ya elfu moja itakuwa karatasi tupu ikifika mwisho wa Septemba.

Banda nililikodi pamoja na seremala mmoja, mtu wa hapa hapa Kisumu, aliyenizidi umri kwa miaka kama kumi. Yeye alitengeneza fremu, mimi nikaweka springi, sponji na kitambaa. Tulikunywa chai ya chupa moja kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja. Mtoto wangu wa pili alipougua, yeye ndiye aliyembeba mpaka hospitali mimi nikiwa safarini. Nasema hivi mapema ili isije ikadhaniwa kwamba alikuwa mtu mbaya.

Kochi lile lililetwa Ijumaa, kwa pikapu ya kukodi, na mwanamume wa miaka kama thelathini na mitano. Lilikuwa kochi la watu watatu, la zamani, fremu ya mvule, kitambaa kimechakaa mpaka huoni maua yake. Alisema ni la mama yake, kutoka Pap Onditi, nyumba iliyo nyuma ya kinu cha kusaga unga. Hakutaka nilitengeneze. Alitaka kuliuza.

"Nipe elfu sita," akasema.

"Tatu na nusu."

Alibishana nami kama mtu anayegombania shamba. Mara mbili alitoa simu akatazama saa. Tulikubaliana elfu nne na mia tano, akazihesabu mara mbili mbele yangu, akaingia kwenye pikapu bila hata kuaga. Nilimtazama akienda nikasema moyoni: huyu anauza kiti cha mama yake mama akiwa hai. Nikamweka kwenye kundi la watu nisiowapenda, na sikumtoa huko kwa muda mrefu.

Jumatatu asubuhi nililigeuza kochi miguu juu ili nilifungue. Chini ya kiti sisi mafundi hupigilia gunia kwa misumari midogo. Hapa misumari ilikuwa imeng'olewa, na gunia limeshonwa kwa mkono, kwa uzi wa kijani wa nyavu za samaki. Nilistaajabia mishono ile. Ilikuwa midogo, imelingana, ya mtu ambaye hakuwa na haraka. Kwenye kona ya kushoto matundu yalikuwa yamepanuka, kama mahali panapofunguliwa na kufungwa mara nyingi. Nilipopapasa pale pini ikanichoma kidole gumba. Nikaitoa, nikapasua gunia kwa kisu, na kifurushi cha kitambaa cha leso kikaanguka sakafuni.

Mwenzangu alikuwa akipiga randa upande wa pili. Randa ikanyamaza.

Kilianguka cha pili. Cha tatu nilikivuta mwenyewe kutoka katikati ya springi. Nikafungua kimoja. Zilikuwa noti za elfu, za zamani zote, zimekunjwa katikati na kufungwa kwa uzi ule ule.

Mwenzangu aliweka randa chini. Alikwenda akashusha turubai la mlango, na sisi huwa hatushushi turubai mchana hata mvua ikinyesha. Tulihesabu tukiwa tumechuchumaa nyuma ya kochi. Zilikuwa noti mia moja themanini na saba. Sijawahi kushika pesa kama zile, wala baba yangu hakuwahi.

"Omera," akaniita, kama wanavyoitana ndugu hapa kwetu, "Mungu amekukumbuka."

"Zina mwenyewe," nikasema.

"Mwenyewe ni nani? Si uliuziwa kochi? Ulinunua na kilicho ndani. Mtu akikuuzia kuku mwenye yai, yai ni la nani?"

"La mwenye kuku."

"Basi. Na banda ni letu wote wawili. Kwa hivyo hapa tunagawa."

Nikajibu haraka, bila kufikiri: "Lakini kochi nililinunua kwa pesa yangu peke yangu." Maneno yale yalipotoka ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa tayari ninazungumza kama mwenye mali. Dakika kumi hazijapita.

Alinikumbusha kuhusu noti za zamani. Zilibaki siku kumi na tatu. Tukipeleka nyingi benki tutaulizwa, alisema, lakini tukizitumia kidogo kidogo, mbili kwenye petroli, tatu kwenye duka la jumla, tano kwa wauza samaki wa Usenge wanaoleta omena sokoni, zitaisha zote kabla ya tarehe. Alikuwa ameshapiga hesabu yote kichwani. Nilimwambia anipe siku chache nifikiri. "Fikiri mpaka Ijumaa," akasema. "Hizi pesa zinaoza, bwana. Zinaoza kama samaki."

Nilizifunga kiunoni kwa kipande cha kitambaa cha kochi, chini ya shati, nikaenda nazo nyumbani.

Mke wangu alikuwa anachambua mboga mlangoni. Nilimwonyesha ndani, watoto wakiwa nje. Alizitazama bila kuzigusa.

"Ni za nani?"

"Nafikiri ni za mama wa yule mtu."

"Unamjua huyo mama?"

"Simjui."

Alirudi kwenye mboga zake. Baada ya muda akasema, bila kuinua kichwa, "Sitaki zilale kwenye nyumba watoto wanamolala." Na mimi sikuweza kuziacha bandani, kwa sababu mwenzangu alikuwa na ufunguo wake. Kwa hiyo kuanzia siku hiyo zilikaa mwilini mwangu. Nilifanya kazi nazo kwenye joto la bati, zikaloa jasho, usiku nikalala nazo nje barazani, zinanikwaruza tumbo. Mtu akinisogelea karibu nilirudi nyuma. Mteja mmoja aliniuliza kama tumbo linaniuma.

Jumanne nilifanya jambo ambalo hadi leo nalisema kwa shida. Binti yetu mkubwa alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, wiki ya pili sasa, na tulikuwa tumebakisha elfu tatu kutimiza kiasi ambacho shule ilikuwa tayari kupokea. Nilitoa noti tatu kutoka kiunoni. Nilijiambia ninazikopa. Nilijiambia pia kwamba hata hivyo zitakuwa karatasi baada ya siku chache, afadhali zimsaidie mtoto. Akaenda shule mchana huo huo akiwa na furaha, na mama yake akaniuliza nimezipata wapi, nikasema mteja amelipa.

Jumatano yule mwanamume alirudi.

Nilimwona akivuka barabara kwa miguu, kashika kofia mkononi. Kochi lilikuwa mifupa mitupu katikati ya banda. Mwenzangu alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Nilihisi kitambaa kiunoni kana kwamba kimeshika moto.

"Fundi, lile kochi bado liko?"

"Unaliona hapo. Nimeshalifungua."

Alishika kichwa. "Mama alitoka hospitali Jumamosi. Amefika nyumbani akakuta kochi halipo, hali vizuri mpaka leo. Analia tu. Ukimuuliza, anasema kochi, kochi. Nikurudishie pesa yako?"

"Nimeshalipasua, bwana."

Alilizunguka, akachungulia katikati ya springi. "Kwani kulikuwa na kitu ndani?"

"Kitu gani?"

"Sijui. Mama haniambii. Wewe hukukuta kitu?"

Nilijua tu kwamba mwenzangu ananitazama, na kwamba mtu huyu, ambaye nilikwisha kumhukumu, akijua atazichukua pale pale, na mama yake hataona hata moja. Hivyo ndivyo nilivyojieleza. Lakini zilikuwa zimepungua tatu, na hilo nalo lilikuwa mdomoni mwangu nilipojibu.

"Panya," nikasema. "Kiota cha panya na pamba."

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Akaniomba nimuuzie tena kochi kwa bei ile ile na nilirudishe lilivyokuwa, kitambaa chochote, bora mama aketi. Akaacha mia tano ya kwanza. "Nitalifuata Jumamosi." Safari hii aliaga, akatushika mikono sote wawili.

Alipopotea sokoni mwenzangu akasema polepole, "Sasa umeshadanganya. Hakuna pa kurudi. Tugawe."

Kilichonitisha ni kwamba alikuwa karibu na ukweli. Uongo ule ulikuwa umenifunga kwenye pesa zile kuliko kitambaa kilichokuwa kiunoni. Ningekaa siku moja zaidi, ningegawa. Najijua.

Alhamisi asubuhi nilimwambia mwenzangu naenda kununua sponji, nikapanda gari la Pap Onditi.

Kukipata kinu haikuwa kazi, kwa maana kilikuwa kinaunguruma. Nyuma yake kulikuwa na boma lenye nyumba mbili, na kwenye mlango wa ile kubwa, juu ya kiti cha plastiki, aliketi mama mwembamba, leso imefungwa juu ya tumbo, mkono mmoja umelishika tumbo kama mtu aliyepasuliwa. Nilimsalimu kwa Kijaluo, "Oyawore, mama." Akaitikia, akaniangalia viatu.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni fundi. Ndimi niliyenunua kochi lako."

Aliinuka nusu, akarudi chini kwa maumivu. "Sema polepole. Mke wa mtoto yangu iko jikoni." Kisha, kwa sauti ndogo zaidi: "Uliipasua?"

"Nililipasua, mama."

"Ulikuta nini?"

Njiani nilikuwa nimejiwekea mpango: atakayetaja kiasi, huyo ndiye mwenyewe. Kwa hiyo sikujibu. Nikamuuliza, "Wewe uliweka nini?"

Mdomo wake ukafunga. Nikaona uso umebadilika, umekuwa wa mtu anayekaa mbele ya askari. "Nani amekutuma? Ni yeye amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Basi mimi sikuweka kitu. Kochi ni kochi."

Kinu kiliunguruma, jikoni sufuria ikagonga sufuria. Yeye hakuweza kusema kwa kuhofia kwamba mimi ni mtego wa mwanawe, na mimi sikuweza kusema kwa kuhofia kumpa mtu asiye mwenyewe. Nilifikiri kuondoka. Nilifikiri, na aibu naisema, kwamba sasa nimejaribu, amekana mwenyewe kwa mdomo wake, na hakuna wa kunilaumu. Niliinuka kabisa. Nilikuwa tayari nimemnyooshea mkono kuaga.

Ndipo ile kona ya kushoto ikanijia. "Mama," nikasema, "sikuulizi uliweka nini. Nakuuliza hivi: gunia la chini ulishona na uzi gani?"

Alitazama kwanza mlango wa jikoni.

"Ya nyavu," akasema. "Ya kijani. Na kona ya kushoto sikushona. Niliacha nafasi ya vidole viwili, nikafunga na pini."

Nilimwonyesha kidole gumba. Alama ya pini ilikuwa bado ipo. Alikishika kidole kile, akakiangalia, na machozi yakamtoka bila sauti yoyote.

Niligeukia ukuta nikafungua shati. Alizipokea chini ya leso, akahesabu hapo hapo kwa kulowesha kidole, macho yake yakiwa jikoni muda wote. Nilikuwa nimekusudia kumwambia kabla hajaanza. Wallahi nilikusudia. Lakini nilivyoona vidole vile vinavyokwenda, nilingoja, nikitumaini labda atakosea hesabu.

"Zimepungua tatu," akasema.

"Nilizichukua mimi, mama. Karo ya mtoto. Nitazirudisha."

"Ungesema kabla nihesabu."

"Nilitaka kusema."

"Ungesema."

Nilipigwa na neno lile moja kuliko kama angenitukana. Baada ya hapo akanionyesha niketi kwenye kizingiti, na kwa nini alinieleza yaliyofuata sijui, labda kwa sababu nilikuwa tayari ninajua nusu.

Pesa zilikuwa za shamba alilowakodisha watu wa miwa, miaka mingi, akimwambia mwanawe kwamba watu hao hawalipi vizuri. Mumewe alipokuwa hai hakuwahi kumwachia hata shilingi ya mahindi aliyolima mwenyewe. "Miaka thelathini na tatu," akasema. "Nikasema sasa nitashika yangu, hata kama ni kuikalia tu."

"Na kwa nini mwanao aliuza kochi?"

"Hospitali walikataa kunitoa. Bili ilibaki. Aliuza pikipiki yake ya kazi, haikutosha, akaleta pesa ya kochi ndiyo ikamaliza."

Nilidhani sikusikia sawasawa. "Na wewe ulikuwa unajua una hizi?"

"Nilikuwa nimelala hapo. Alikuwa anapiga simu kwa watu karibu na kitanda, anaomba. Nilisikia. Nilinyamaza."

"Kwa nini?"

"Nilifikiri itatosha bila yangu. Nilifikiri, nikisema leo, imeisha. Halafu nimefika nyumbani, ananiambia, mama, nimeuza kochi." Akafuta uso kwa ncha ya leso. "Sasa nitamwambia nini?"

Mtu niliyemchukia kwa wiki nzima alikuwa ameuza pikipiki yake. Alibishana nami kwa ajili ya mia tano, akitazama saa, kwa sababu ofisi ya malipo hospitalini inafungwa jioni. Na mimi nilimpunja, halafu nikamdanganya, nikijiona mlinzi wa mama yake.

Mama alikuwa amesikia redioni habari za noti. Hakuweza kumtuma mwanawe benki, wala mkaza mwana. Akaniambia, si kama anayeomba, "Kesho mtoto yangu akienda kibarua, nitakuja mjini. Utanipeleka wewe." Kisha akaongeza: "Na usimwambie. Nitamwambia mwenyewe, siku yangu." Nikakubali. Ningekataaje, na ningali nina deni la noti tatu?

Ijumaa alishuka stendi akiwa amevaa nguo ya kanisa na sweta, anatembea hatua ndogo ndogo. Foleni ya benki ilitoka mpaka nje. Nchi nzima ilikuwa inabadilisha noti. Askari wa mlango akatutafutia nafasi ya wazee. Kwenye dirisha, karani, msichana mwenye miwani, alipokea kitambulisho cha mama, akatazama kifurushi kinachonuka jasho, kisha akanitazama mimi kwa kituo.

"Mama, huyu ni nani wako?"

"Ni fundi yangu."

"Fundi wa nini?"

"Ya kochi."

Karani akainuka. Akarudi na bwana mmoja mwenye tai, naye akamwomba mama aingie chumba cha pembeni, peke yake. Mimi nikaonyeshwa benchi. Askari akaja akasimama karibu na benchi lile, na nilipokunja nne alisogea. Nilielewa. Walikuwa wanamuuliza kama nimemlazimisha, kama nimemtisha, kama nimemwibia. Na nikaona kwamba akitaka, anaweza kusema ndiyo, na haitakuwa uongo mtupu. Noti tatu zilikuwa zimelipa karo kweli. Ni nani angesikiliza habari za kochi na uzi wa nyavu kutoka kwa mtu aliyekamatwa na pesa za kikongwe mgonjwa? Nilitazama mlango wa kile chumba karibu dakika arobaini. Shati lilinilowa mgongoni ingawa kiunoni hapakuwa na kitu tena.

Mlango ulipofunguliwa, bwana wa tai alikuwa amemshika mama mkono. Akanipa mkono na mimi, akasema, "Samahani, mzee. Siku hizi inabidi tuulize." Mama alipewa noti mpya, nyingine akaziacha hapo hapo kwenye akaunti waliyomfungulia. Nje, kabla sijamtafutia gari, akaniambia:

"Hizo tatu, utatengeneza kochi bila kuchukua pesa ya kazi. Tutakuwa tumemalizana."

"Asante, mama."

"Usiniambie asante, nyathina. Fanya kazi."

Aliniita mwanangu, na ilikuwa amri.

Nilirudi bandani nikamwambia mwenzangu pesa zimekwenda kwa mwenyewe. Alikuwa ameshika tupa. Aliiweka chini taratibu. "Zote?"

"Zote."

"Bila kuniuliza."

"Hazikuwa zetu."

"Jumanne ulipompeleka mtoto shule zilikuwa za nani?" Hakupaza sauti. Alikuwa amejua tangu siku ile na hakuwa amesema. "Umenitoa tonge mdomoni, na wewe ulikuwa umeshakula."

Mchana wote tulifanya kazi bila kusemezana, yeye akikaza fremu ya kochi lile lile kwa misumari mipya, kwa sababu kazi ilikuwa kazi.

Jumamosi kochi lilikuwa limesimama, kitambaa cha rangi ya kahawa, springi mpya mbili. Mwanamume akaja na pikapu. Alilipapasa, akaketi, akainuka akitabasamu, akanirudishia elfu nne na mia tano za kochi, akatoa na za kazi. Za kazi nikazikataa, nikamrudishia na ile mia tano.

"Hapana, bwana. Mama yako ni mgonjwa. Ichukue kama pole yangu."

"Fundi, haiwezekani. Wewe pia una watoto."

"Chukua tu."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Nilipokuuzia nilikuona mtu mgumu sana," akasema. "Mungu akubariki. Kweli, Mungu akubariki."

"Muulize alikuta nini ndani," mwenzangu akasema.

Alikuwa amesimama nyuma ya meza yake, randa mkononi. Yule mwanamume alimgeukia, kisha akanigeukia mimi, bado ameshika mkono wangu.

"Si ulisema ni panya?"

Sijawahi kuusikia mtaa wa Kibuye ukiwa kimya, na hata siku ile haukuwa kimya, lakini mimi sikusikia chochote. Nikimwambia, nimevunja ahadi niliyompa mama yake. Nikirudia panya, nitakuwa nimemdanganya mara ya pili, mikono yake ikiwa imenishika.

"Haikuwa panya," nikasema. "Nilikuta kitu cha mama yako, na nimempelekea mwenyewe mkononi. Zaidi ya hapo muulize yeye. Nilimwahidi."

Aliuachia mkono wangu polepole. Niliona akipanga mambo moja baada ya jingine: kilio cha mama, kochi, hospitali, simu alizopiga. Hakuniuliza tena. Alisaidiana na dereva kupakia, akafunga kamba, na alipofika kwenye mlango wa gari akarudi, akaziweka pesa za kazi juu ya meza ya mwenzangu, si yangu, akaenda.

Mwenzangu hakuzigusa. Nazo zililala pale mpaka jioni, nikazichukua, na wiki iliyofuata nikazipeleka Pap Onditi kwa mama. Mwisho wa mwezi mwenzangu alihamisha vifaa vyake kwenda banda jingine upande wa Kondele. Tulisaidiana kubeba meza yake. Tukikutana tunasalimiana vizuri, tunaulizana habari za watoto. Chai nakunywa peke yangu.

Yule mwanamume alirudi baada ya kama miezi miwili, akiwa juu ya pikipiki. Sikujua kama amekuja kwa ugomvi. Aliketi kwenye kiti cha mteja akavua kofia ya chuma.

"Mama aliniambia," akasema. "Siku ile ile. Alinipa pesa ya kununua hii. Nikakataa, akalia, nikachukua."

"Nashukuru."

"Usishukuru. Bado sijui kama nimemsamehe. Nilipiga magoti kwa yule mtu wa malipo, pale wodini, fundi. Magoti kabisa. Na mama anaona." Akaigeuza kofia magotini. "Lakini sasa tunapanga shamba pamoja. Watu wa miwa wanalipa mbele ya wote wawili."

"Na mimi nilikudanganya," nikasema. "Na elfu tatu nilizitumia. Sijui kama alikuambia hilo."

"Hakuniambia."

"Basi nimekuambia mimi."

Aliangalia mikono yake. "Ungeniuliza tu," akasema. "Siku ile ya kwanza, ungeniuliza kwa nini nauza. Ningekuambia yote. Nilikuwa natafuta mtu wa kumwambia." Akavaa kofia, akawasha pikipiki.

Habari hizi zilifika kanisani, nadhani kupitia kwa mke wangu, ambaye nilimweleza kila kitu isipokuwa ile karo, kisha na ile karo pia. Kwa siku tatu hakunipikia chai. Pasta alikuwa amesikia sehemu nzuri tu. Akaniita mbele Jumapili moja nitoe ushuhuda. Nilikubali, kwa sababu nilitaka niseme yote mbele za watu nipumue. Nikaanza: nilinunua kochi, nikakuta pesa, nikampelekea mwenyewe. Hapo hapo makofi yakaanza, na vigelegele, pasta akainua mikono. Nilisema, "Ngojeni, sijamaliza," lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshachukuliwa na kiongozi wa kwaya. Nilisimama pale, watu wakinishika mabega wakinipongeza, mke wangu kwenye safu ya pili hapigi makofi, ananitazama tu. Wimbo ulipofika ubeti wa pili nikashuka, nikaenda kuketi kando yake.

"Utasema siku nyingine," akaninong'oneza, akanisogezea kitabu cha nyimbo.